Mlango Nilioufunga kwa Mdomo Wangu

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na lingine nitajitetea, na kwenye kujitetea mimi sina mpinzani. Waulize wanaonijua.

Jina langu silitaji. Nikilitaja langu nitakuwa nimemtaja na binti yangu, na huyo nimeshamwaibisha ya kutosha. Jueni tu kwamba ni mzee wa huku Korogwe, nina mashine ya kusaga na kukoboa pande za Magoma, na simwogopi mtu. Darasa la nne sikulimaliza. Nilikata mkonge Mazinde mpaka mikono ikaota sugu kama kwato. Kila nilicho nacho nimekipata kwa mgongo huu, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Aa, naongopa! Ni kwa kujisifu. Na kujisifu huko ndiko kulikonifikisha hapa.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye vipande vya magazeti ya kufungia maandazi. Kule kambini kwenye mkonge, ukimaliza andazi unabaki na karatasi, na kwenye karatasi kuna hadithi ya mapenzi. Katikati pameloa mafuta, na mwisho haupo. Mimi mwisho nilikuwa najitungia mwenyewe, nawasimulia wenzangu. Wakawa wananiachia nafasi karibu na moto. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Sasa ngoja nikuambie hadithi zile zilivyokuwa, maana ndizo zilizonilea. Mwanamume anampenda mwanamke. Mwanamke hataki. Mwanamume anamvizia njiani, anamvuta mkono, anamfungia ndani. Mwanamke analia. Ukigeuza karatasi, kampenda! Anampikia, anamfulia, wanaoana. Karibu zote! Sikuwahi kuokota hata moja ambayo mwanamke kasema sitaki, mwanamume kasema haya, akaenda zake. Nikajua mapenzi ndivyo yalivyo, mwanamke akikataa ujue anakupima nguvu.

Nilipopata mashine, hadithi nikaja nazo. Wanawake wanakuja na ndoo zao za mahindi, foleni ndefu, mimi injini ikipoa nasimulia. Wanacheka, wanapiga makofi, mwingine kashasagiwa na haondoki. Sauti ninayo. Nilijiona mfalme, pumba miguuni na unga kwenye nyusi.

Binti yangu mkubwa nitamwita Saumu. Silo jina lake. Huyu alisoma mpaka kidato cha nne, akaolewa Handeni mjini na kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Kijana huyo nitamwita Mkwe tu, maana jina lake likipita mdomoni natema mate. Siku ya ndoa shehe alituma wazee chumbani wakamuulize Saumu kama ameridhia. Akajibu kwa sauti, watu wakapiga vigelegele. Siku hiyo moja tuliuliza. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Mwaka juzi, wakati wa kupanda, Saumu akatokea nyumbani na begi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mama. Kwema?”

“Kwema. Nimekuja kupumzika.”

Basi. Nami sikuuliza zaidi. Mama yake ndiye aliyekuja kuniambia, nikiwa navalisha mashine mkanda mpya, mikono yote grisi.

“Baba Saumu, mtoto anasema mumewe hasikii.”

“Hasikii? Ana maradhi ya masikio?”

“Akiambiwa sitaki, hasikii. Anafunga mlango.”

Nilicheka! Ndugu zangu, nilicheka mpaka spana ikaniponyoka.

“Mke na mume, sitaki ya nini? Hebu niokotee hiyo spana.”

Akaniokotea. Nikamaliza kufunga mkanda, nikawasha injini, nikasahau. Nilisahau! Mtu akikuibia debe la mahindi hulali, mimi niliambiwa habari ile nikaenda kula ugali na kisamvu.

Saumu akawa anakaa mashineni ananisaidia kupokea wateja. Akasikia hadithi zangu. Akasema, baba, hizi tuziweke kwenye simu, watu watazisoma mpaka Tanga. Yeye ana vidole vyepesi. Injini ikizimwa adhuhuri, yeye anakaa juu ya gunia anachapa, mimi natembea huku na huku juu ya pumba nasema. Kila kipande anakituma kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lilianza na wanawake wa foleni na watoto wao. Kabla ya mavuno lilikuwa limejaa watu nisiowajua. Muheza, Lushoto, Handeni. Nikienda Korogwe mjini kununua dizeli, vijana wananiita, “Mzee wa Neema na Jabiri!” Navimba. Mtu wa darasa la nne, ambalo hakulimaliza!

Neema na Jabiri walikuwa watu wangu wa kutunga. Jabiri ana duka kubwa la mbegu na dawa za mifugo. Neema ni muuguzi. Jabiri anamtaka, Neema anamkimbia. Nikawazungusha vipande vingi mpaka watu wakachoka kungoja, wakaanza kunitukana kwa mapenzi, “Mzee, waunganishe bwana!” Nikasema sawa, leo nawaunganisha. Nikawapeleka gesti ya Mombo. Mvua inanyesha, Jabiri kamdanganya Neema kwamba barabara imekatika.

Nikaanza kusema, Saumu anachapa.

“Jabiri akazungusha ufunguo, akautia mfuko wa shati. Neema akasema, hapana, Jabiri, nifungulie niende kwetu. Jabiri akatabasamu. Akamwambia, mdomo wako unakataa lakini macho yako yalishakubali zamani...”

Vidole vikasimama.

“Endelea, mama.”

“Baba, huyu amesema hapana.”

“Si ndio utamu wenyewe huo!”

“Sasa Jabiri mbona hamsikilizi?”

“Akimsikiliza, hadithi imekwisha!”

“Kwa nini iishe? Amfungulie. Neema aende kwao, akae, afikirie. Halafu siku moja aje mwenyewe kwa miguu yake mpaka dukani, aseme Jabiri, nimekuja. Hapo msomaji atasimamisha hata chungu jikoni. Mimi Jabiri wa namna hiyo ningempenda mpaka nife.”

“Nani atasoma habari za dume linalongoja mwanamke kama linangoja basi la Lushoto? Hawa wa kwenye foleni watanimwagia pumba kichwani!”

“Wa kwenye foleni hujawahi kuwauliza, baba. Unawasikia tu wanacheka.”

Hapo nikapandisha hasira. Mimi kubishiwa juu ya magunia yangu mwenyewe! Nikamwambia neno ambalo kama lingeweza kurudishwa leo, ningeuza mashine nilirudishe.

“Wewe mapenzi unayajua? Umemtoroka mume Handeni umekuja kukalia magunia yangu, leo ndiye wa kunifundisha mapenzi! Chapa!”

Akachapa.

Alichapa kila neno, nakuambia. Neema kulia, Neema kusukuma, Neema kulegea, Neema asubuhi kumchemshia Jabiri chai huku anaimba. Nilimwongezea Neema hapana nyingine mbili ili kunoge. Akazichapa nazo. Halafu akaniwekea simu magotini, akaenda bombani kunawa uso. Alinawa muda mrefu. Nikadhani ni vumbi la unga.

Kipande kile kiliruka kama moto wa kichaka. Mioyo myekundu, vicheko, makofi. “Mzee wewe ni hatari!” “Wanaume wa siku hizi waje wajifunze kwa Jabiri!” Na wanawake pia, tena hao ndio walioandika mengi. Sijui walikuwa wanafurahi au walikuwa wanafanya nilichofanya mimi kwenye magazeti ya maandazi, kumeza walichopewa. Sikuuliza. Hadithi ikatumwa huku na huku, ikafika Handeni mjini, ikaingia duka la vipuri vya pikipiki.

Kwetu, mume akitaka kumrudisha mke aliyeondoka, haji peke yake. Anakuja na mshenga aliyesimamia posa, na wazee wa upande wake, na mbuzi wa kuomba radhi. Mshenga anataja kosa, mume anakiri, mke anaulizwa neno lake. Halafu baba wa mke anafunga kikao. Mbuzi akipokelewa, kesi imekufa. Neno la baba likishatoka hakuna wa kulivuka.

Wakaja. Mbuzi beberu mnene, wa kutamanisha. Tukakaa barazani kwangu, wanaume kwenye viti, Saumu kwenye mkeka pembeni ya mama yake. Mshenga, mzee mmoja mcheshi sana, akaanza kwa kuzunguka, kwamba ndoa ni ndoa, vijana wana damu moto, mambo ya chumbani hayana shahidi. Kisha akamgeukia Saumu.

“Haya mama, sema wewe. Mwenzio kakukosea nini?”

Nilidhani atasema matusi au wanawake wa nje. Saumu akainua uso. Hakulia.

“Nikisema hapana hanisikii. Anafunga mlango anaweka ufunguo mfukoni. Mimi sio kuku.”

Mzee mmoja akakohoa. Mke wangu akanitazama. Nami nilikuwa natazama kwato za mbuzi.

Ndipo Mkwe akatabasamu, akatoa simu. “Wazee wangu, kwa ruhusa yenu,” akasema, na akaanza kusoma. Ana sauti nzuri, mjinga yule! Anasoma kama anatangaza redioni. “Jabiri akazungusha ufunguo, akautia mfuko wa shati...” Akasoma mpaka ile chai ya asubuhi. Wazee wakaanza kucheka kidogo kidogo, kisha wakacheka wazi, mshenga akajipiga paja.

“Haya ni maneno ya nani?” Mkwe akauliza, akijua. “Si ya baba mkwe wangu huyu? Nchi nzima inamsifu. Sasa baba, mimi nimekosa nini ambacho Jabiri hakukosa?”

Wote wakanigeukia.

Hapa ndipo pa aibu yangu, na nitaisema yote. Nilipokuwa nasikia maneno yangu yanasomwa mbele ya wazee, wanacheka, wanatikisa vichwa, nilifurahi. Mungu anilaani, nilifurahi! Mwanangu kakaa kwenye mkeka kajivua nguo mbele ya wanaume kwa kusema ukweli wake, na mimi moyoni nasema, kumbe hadithi yangu inasomeka vizuri hivi.

Na nikaona nikisema Mkwe amekosa, itabidi niseme Jabiri alikosa. Nikisema Jabiri alikosa, basi mimi ni mzee mpuuzi aliyeandika upuuzi. Mbele ya watu! Sikuweza. Nikakohoa, nikatoa sauti ya ukubwa.

“Binti, rudi kwako. Mwanamume ameomba radhi. Mama Saumu, pokea mbuzi.”

Hakuwa hata ameomba radhi! Mnaona? Hakuomba! Alisoma tu hadithi yangu.

Saumu akaenda kuchukua begi. Wakati wa kupanda gari akanipita, akasimama, akasema kwa sauti ndogo ambayo bado naisikia hata injini ikinguruma.

“Baba, ile sehemu niliichapa mimi. Nilimwandikia Neema hapana zote tatu. Nikadhani ukizisoma utaniona.”

Mkwe akamfungulia mlango wa gari, kwa heshima kabisa. Nikapunga mkono! Ndiyo, nilipunga mkono.

Yaliyofuata nayasema kwa ufupi maana si ya kwangu. Mvua zilipokatika dada yangu wa Kwamsisi akanipigia simu. “Kaka, Saumu yuko kwangu. Yuko hai. Usije.” Mkwe alikuwa anafunga mlango, Saumu akauzuia kwa mkono ili atoke. Yule mtu akausukuma huku anaona mkono uko pale. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikavunjika. Mwanangu alitoka na vidole hivyo, akapanda pikipiki mwenyewe, akaenda hospitali, akaenda polisi akaeleza yote, kisha ndiyo akaenda kwa shangazi yake. Kwangu hakuja. Kuja kwangu alishajaribu.

Nikachukua panga. Nikamwambia mke wangu nakwenda Handeni leo hii, namkata yule mbwa! Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

“Panga la nini? Yule alisoma tu. Aliyeandika yuko hapa.”

Kuanzia siku ile nyumba yangu haikaliki. Nikamuuliza mke wangu, huku nimesimama kama mtoto aliyevunja chungu, “Na wewe je? Enzi zetu, kambini... mimi nilikuwa nakusikia?”

Akapepeta ungo. Akapepeta tena.

“Ndiyo unauliza leo?”

Tumeishi naye mpaka tuna wajukuu, na sina jibu zaidi ya hilo. Wewe unayesoma, kama una mke, usicheke. Nenda kamuulize uone kama utapata jibu la kukulaza.

Nikaenda Kwamsisi. Dada alishasema usije, lakini mimi nikajiambia, baba hazuiwi. Umeona? Bado nilikuwa vilevile! Nikanunua mbuzi, maana ndivyo nilivyofundishwa kosa linavyofutwa. Handeni nikakodi pikipiki, mbuzi kwenye gunia kichwa nje, analia njia nzima mpaka watu shambani wanasimama kututazama.

Dada akanikuta uani.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Yuko wapi?”

“Ndani. Ila muulize kwanza.”

“Nimuulize nini? Mwanangu!”

“Muulize kama anataka kukuona. Nyumba yangu hii, utaratibu wangu huo.”

Nikasimama mbele ya mlango. Mlango wenyewe mbao tatu na waya wa kufungia. Kwa bega hili lililobeba mkonge, ule ungekwenda kwa pumzi moja.

“Saumu! Ni baba yako. Nimekuja na mbuzi.”

Sauti yake ikatoka ndani.

“Mkubwa kuliko wa yule?”

Hakuwa mkubwa kuliko wa yule.

“Mwanangu, nimekosa. Naomba niingie.”

“Hapana, baba.”

Jamani! Mimi ni mtu wa hadithi, na hadithi zote nilizowahi kuzisema zikanijia kwa pamoja. Ingia! Sukuma! Atalia, utalia, atakuangukia kifuani, shangazi atapiga vigelegele, kwisha. Hapana yake hii ni ya hasira tu, ndani ya moyo anataka uingie. Nilijua kabisa anataka! Nilikuwa na uhakika, kama Jabiri alivyokuwa na uhakika, kama yule mbwa alivyokuwa na uhakika. Na mkono wangu ukawa umeshafika kwenye ubao. Huu mkono ninaoandikia.

Nikausikia ubao kiganjani. Ndani nikasikia kitu kinaburuzwa. Mwanangu alikuwa anasogeza kigoda kuzuia mlango, ili mimi nisiingie. Mimi!

Nikatoa mkono.

“Haya,” nikasema.

Nikageuka. Hakuna aliyenipigia makofi. Nikamwambia dada abaki na mbuzi, akakataa, akasema nikimpokea huyu nitakuwa nimeiua kesi, ondoka naye. Nikarudi naye na gunia lake, analia vilevile. Yupo mpaka leo, nimemfunga nyuma ya mashine, anakula pumba, ananenepa. Wanawake wakiuliza, “Mzee, huyu wa lini?” namwongezea pumba.

Nilipofika nikachapa kipande cha mwisho cha Neema na Jabiri. Mwenyewe, kwa kidole kimoja, nikikosea nafuta, siku nzima kwenye maneno machache. Jabiri anasikia hapana ya kwanza. Anatoa ufunguo, anafungua, anasogea pembeni. Neema anakwenda kwao. Mwisho. Nikatuma.

Walinitukana! Na safari hii si kwa mapenzi. “Mzee umelogwa?” “Umetuharibia, utamu umeisha!” “Jabiri kageuka mwanamke!” Wengine wakajitoa kwenye kundi siku ileile. Nami nikawajibu, tokeni, tokeni wote, shenzi nyie! Mlichokuwa mnakilamba kama asali kilikuwa kilio cha mtu. Mimi ndiye niliyekichemsha nikakitia sukari, lakini mliomba niongeze!

Kesho yake nikakisimulia kwenye foleni kwa mdomo. Hakucheka mtu. Mama mmoja, mnyamavu sana, huwa anakuja na ndoo ya bluu, akafunga unga wake kisha akaniuliza.

“Huyo Neema aliondoka salama?”

“Salama.”

“Jabiri hakumfuata hata njiani?”

“Hakumfuata.”

“Hakwenda kumsema kwa watu kwamba anaringa?”

“Hakwenda.”

Akajitwisha ndoo. “Basi mzee, zile za zamani ndizo zilikuwa za kweli. Hii ya leo ndiyo umetunga.”

Akaenda zake. Wenzake wakatazama chini. Miaka yote nilidhani wanacheka kwa utamu!

Sasa nasema na nyinyi, na sitabembeleza mtu. Wewe unayetunga hadithi za mapenzi, kwenye simu, kwenye gazeti, kwenye kitabu chenye jalada la kung'aa, nakuuliza: huyo mwanamke wako uliyemfungia gesti akalia halafu akapenda, ulimuona wapi? Mlete nimuone! Mimi wangu nilimtoa kwenye karatasi la andazi, na aliyemtia kwenye karatasi naye alimtoa kwingine, tunaambukizana. Mwandike mwanamume anayeng'ang'ania, kama unataka, wapo tele. Lakini mwite jina lake! Usimvalishe shati jeupe ukamwita mpenzi. Wapo vijana wanasoma wanajifunza, na wapo mabinti wanasoma wanajiambia, kumbe ninaloumia ndilo penzi.

Wewe mzee mwenzangu unayefunga vikao. Mbuzi hamezi hapana ya mtu. Binti akikaa kwenye mkeka akasema neno zito kama lile, ujue amelibeba kutoka mbali mpaka miguuni kwako. Usitazame kwato.

Na nyinyi mliocheka barazani kwangu mnajijua. Mshenga, wewe hasa. Usinisalimie njiani.

Kesi ya yule mtu iko kwa wenye kazi yao, na Saumu anasimama mwenyewe kuisemea. Mimi nimeitwa kueleza kilichosemwa kikaoni, na nitakieleza chote, na kile kicheko changu cha siku ya spana na ule mkono niliopunga. Wakinicheka, na wanicheke!

Juzi nilimtumia Saumu ujumbe. Nilichapa kwa kidole hikihiki: “Naomba kuja Kwamsisi. Unaniruhusu?” Sikuandika kingine, sikumwambia presha yangu imepanda, sikumwambia mama yako analia, ingawa vyote ni kweli na vyote nilivitamani.

Jibu likaja jioni. “Bado.”

Zamani ningelifurahia neno hilo. Ningesema, amelegea huyo, nikakodi pikipiki asubuhi. Nimelisoma mara nyingi, na kila nikilisoma limeandikwa bado. Basi sijaenda.

Wewe uliyefika mpaka hapa, kama kuna mlango umeuwekea kiganja, wa mke, wa mchumba, wa mwanao, na ndani kuna mtu kasema hapana, usijiambie unamjua moyo wake. Mimi nilijiambia. Toa mkono huo. Toa sasa hivi!